Bomba la Babu, Waya wa Mama

Juzi dereva mmoja ninayefahamiana naye aliniletea antena mbili kutoka kusini. Akaziweka juu ya meza yangu hapa Tunduma, akasema nichague moja, kwa kuwa nyingine ina mwenyewe Mbeya. Moja ni fimbo ya kuvutika: unaisimamisha ardhini, unaivuta pingili kwa pingili hadi inapita paa la nyumba. Nyingine ni waya tu, umeviringwa kwenye kibao, pamoja na mlingoti mwepesi wa kuushikilia katikati. "Zote zinabebeka, dada," alisema, "kazi kwako." Mimi Jumamosi hupanda milima ya kwetu na redio mgongoni, nikaongee na watu nisiowajua sura, na siku hizi magoti yananikumbusha umri wangu kila ninapoinua mguu. Uzito wa antena si jambo la mzaha kwangu. Nikaishika ile fimbo, nikainusa. Alumini iliyoshikwa na mikono ya jasho ina harufu yake, na harufu ile ilinikalisha kitini mpaka dereva akaniuliza kama naumwa.

Nilichukua waya. Kila mara watu wa redio wakiniuliza kwa nini siipendi fimbo, huwajibu kwa kipande kimoja tu cha habari, na nimechoka kuitoa vipande vipande. Basi leo niimalize.

Nilizaliwa hapahapa Tunduma, nikalelewa na honi za malori. Mama yangu ni Mnamwanga wa Momba. Kabla hajanizaa alikuwa akikaa kwenye ofisi ya tajiri mmoja wa malori, akiongea na madereva kwa redio ya upepo: uko wapi, umevuka, mzigo umelowa? Baba alikuwa mmoja wa madereva hao. Walipendana kwa sauti kabla hawajaonana sura, na mama alizoea kumtania kwamba sauti yake ilikuwa nzuri kuliko yeye mwenyewe. Baba alicheka kila mara, hata alipokuwa amechoka.

Kisha lori la baba likarudi kutoka Kongo likiendeshwa na mtu mwingine. Tajiri alisema baba aliteremka Lubumbashi kutafuta chakula, na kulipokucha hakuonekana. Tulingoja. Mama akawa haendi sokoni asije akapitwa na habari. Mwisho akafunga vyombo vyetu kwenye shuka mbili, tukaenda kwa babu, baba mzaa baba, huko Ileje kwa Wandali, kwenye milima iliyo juu ya Isongole. Bibi alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Babu alikaa peke yake na mbuzi wake, mzee mrefu, mkavu, mwenye koti zito la kijani alilolivaa masika na kiangazi. Aliniita "mke wangu", kama babu wote wanavyowatania wajukuu wa kike, nami nilimpenda siku ileile.

Ila mama hakumsemesha. Wala yeye hakumsemesha mama. Sisemi walinuniana siku mbili tatu. Hawakusemeshana kabisa, hawakutazamana, hawakupokezana kitu mkono kwa mkono. Babu akitaka kupita uani alikohoa kwanza, mama akaingia jikoni. Wakikutana njiani, mama ndiye aliyeacha njia, akachuchumaa majanini na kumpa mgongo, amejitanda khanga, hadi mzee apite. Jina la babu halikutoka kinywani mwake. Alipoulizwa kanisani ni mkwe wa nani, alinitazama mimi nijibu. Leo najua, na wenzangu waliokulia milimani wanajua pia, kwamba hiyo ni heshima ya mkwe na baba mkwe, na hata Momba alikolelewa mama ilikuwepo. Lakini hakuna aliyenieleza. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, na mjini watu wasiosemeshana wamegombana. Nikajiamulia kwamba babu anamchukia mama, na mama anamwogopa.

Mdomo wao nikawa mimi. "Mwambie mama yako mbuzi wameingia kwenye maharage," babu angesema, na mama yuko nyuma ya mlango, amelisikia kila neno. Hakutoka mpaka nimfikishie. "Mwambie babu yako naenda kuwatoa," angejibu, na babu, aliyekwisha kusikia, angesimama palepale na fimbo yake akiningoja nimpelekee jibu. Waliishi pua na mdomo, nami nilishinda njiani kati yao. Meno ya utoto yalikuwa bado hayajaniisha, na tayari nilijua kuchoka kwa mtu mzima. Labda ndiyo maana nikawa wakala wa forodha. Kutwa nawasemea madereva mbele ya maafisa, na maafisa mbele ya madereva, kwa Kiswahili, kwa Kibemba, na kwa Kiingereza cha kuungaunga, na nikilala bado nasikia naambiwa mwambie, mwambie.

Mahindi yalipoanza kukauka shambani, wazee wa ukoo walikuja kukaa na babu. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, napukuchua maharage, nikasikia yote. Walisema habari za madereva zimekuwa nyingi mno. Mmoja amesema baba amefungwa, mwingine amekufa ajalini, mwingine amemwona kwa macho yake, amenenepa. Sasa mtu hawezi kuwa maiti na akanenepa. Basi mahindi yakishaingia ghalani, ikiwa hakuna neno la uhakika, watu wakae matanga, walie, yaishe, na mwanamke arudishwe kwao Momba.

"Na mtoto?" sauti moja iliuliza.

"Mtoto ni wa ukoo," wakajibu kwa pamoja, haraka, kama watu wanaoitikia sala.

Nilingoja babu aseme neno. Hakusema. Nikasikia anakohoa tu, kisha wakaanza kuzungumzia bei ya kahawa. Hapo nikajua ameridhika. Mama ataondoka, mimi nitabaki kumpelekea chakula mtu aliyemfukuza mama yangu. Nililia kwenye yale maharage kimyakimya, na sikumwambia mama, kwa sababu ujumbe ule hakuna aliyenituma niupeleke.

Neno la uhakika lingeweza kupatikana kwa njia moja tu, nayo ilikuwa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda cha babu. Zamani alikuwa mtu wa redio katika hospitali moja ya misheni, na daktari mgeni alipostaafu alimwachia mtambo wake. Babu akafanya mtihani, akapata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuongea na walimwengu kwa kupenda tu, bila biashara. Akapewa na jina la hewani, herufi na namba ambazo dunia nzima zilikuwa zake peke yake. Majirani walimwona mzee aliyepungukiwa na kazi. Lakini huko hewani alikuwa na rafiki, fundi mmoja wa Lubumbashi, mtu ambaye babu aliapa kwamba hajui kusema uongo. Alimpelekea salamu kwa mkono wa dereva: nitafutie mwanangu kwenye maegesho ya malori, kisha njoo hewani Jumamosi asubuhi, palepale petu pa zamani, kila Jumamosi mpaka unisikie. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa za watu wa Tunduma. Bondeni kwetu hazikushika.

Hata redio ya babu bondeni haikushika, milima ilitubana pande zote. Ilitubidi kupanda mpaka kilele kimoja kisicho na mti hata mmoja, ambako upepo wa upande wa Malawi haupumziki. Babu alitangulia na redio ndani ya sanduku lake mgongoni, na begani amebeba antena yake, mabomba ya alumini ya kuchomekana moja juu ya jingine, pamoja na furushi la nyaya za kutandazwa chini kuyazunguka kama mizizi. Mimi nilifuata na kamba na vigingi. Mama alikuja nyuma kabisa, kwa mbali, betri ya gari kichwani. Ukungu ulilowesha nguo, kisha jua likazikausha, kisha jasho likazilowesha tena. Kila Jumamosi nilifika juu sina hamu ya kusikia sauti ya mtu yeyote.

Bomba likisimama lilikuwa zuri, hilo siwezi kukana. Jembamba, linang'aa, linayumba kidogo. Babu aliwasha redio, na mara tukawasikia watu wa mwisho wa dunia: Warusi, Wataliano, Mjapani mmoja mwenye sauti ya kuku. Babu aliwajibu kwa Kiingereza chake cha hospitali, uso umechangamka. Akishamaliza aligeuza kitufe hadi pale pa Lubumbashi, akaita, akaita. Hakuna kitu ila mvumo wa mahindi yanayokaangwa.

Mama alikuwa amekaa nyuma ya jiwe, ametupa mgongo. Jumamosi moja akaniita.

"Mwambie babu yako bomba lake linatupa sauti mbali mno. Linawaruka watu wa karibu. Tutandike waya, mkono mmoja huku na mwingine huku, katikati tuuinue kidogo tu na ncha zishuke chini. Sauti itapanda juu, itarudi hapahapa jirani. Malori tuliyapata hivyo."

Nikaenda. Babu alinisikiliza akitazama bomba lake.

"Mwambie mama yako bomba hili limeongea na Japani."

Nikarudi nyuma ya jiwe.

"Mwambie babu yako mume wangu hayuko Japani."

Niliogopa kulifikisha lile. Nililifikisha hivyohivyo, macho chini. Babu akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akajishika mbavu na kunigeuzia kisogo. Nilidhani ni hasira iliyomkaba. Sasa nimekuwa mtu mzima, nimewaona wazee wengi wakizuia kicheko mbele ya watoto, na nina hakika alikuwa anacheka.

Hata hivyo hakulibadilisha. Tulipanda tena na lile bomba, na tena. Goti la babu likavimba. Akawa anapumzika kila penye jiwe, mabomba yamelala mapajani, huku anapumua kwa mdomo. Mama naye alisimama kule chini na betri kichwani, kwa kuwa hawezi kumpita, wala hawezi kumsogelea. Hivyo wote wawili walichoka kwa kungojana. Kule mabondeni watu walikuwa wanavunja mahindi, tuliwaona wadogo wadogo, na kila shamba lililobaki mabua matupu lilinipa hofu. Nilijua nini kitafuata ghala likijaa.

Asubuhi moja niliamka nikakuta mwanzi mrefu, mbichi, umeegemezwa kwenye mlango wa jiko la mama. Harufu yake ya majimaji ilikuwa imejaa uani. Tunduma niliwahi kumwona mwenye nyumba akimfukuza mpangaji: alitoa vitu vyake nje, akakingamisha mti mlangoni. Basi moyo ulinipasuka. Nikakimbilia ndani nikipiga kelele.

"Mama! Babu ametufungia mlango!"

Mama alitoka anafuta mikono. Akautazama mwanzi kuanzia chini hadi juu, akaukamata, akautikisa, akaupima kwa pima za mikono yake. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu tuondoke mjini.

"Mwambie babu yako," alisema kwa sauti ya kufika zizini, "sasa nahitaji waya."

Babu akajibu kutoka kwa mbuzi wake, bila hata kungoja nifike: "Mwambie mama yako uko juu ya banda la kuku. Tangu jana."

Ulikuwa waya wa shaba uliotolewa kwenye mota mbovu. Mama aliunyoosha uani, akaukata mikono miwili iliyo sawa, ncha zake akazifunga vipande vya plastiki vya dumu. Babu alipita kwa mbali mara kadhaa, akijifanya anatafuta mbuzi ambao wote walikuwa zizini.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho. Wazee walikuwa wameshatuma neno kwamba wiki ile matanga yatakaliwa, unga umeshasagwa. Tulipanda bila mabomba, na babu, mikono mitupu isipokuwa mwanzi, alitembea vizuri kidogo. Juu upepo ulikuwa umeamka vibaya. Tulisimamisha mwanzi, tukavuta mikono ya waya huku na huku hadi kwenye vigingi, mfano wa paa la kibanda. Mama alitoa maagizo kutoka nyuma ya jiwe, mimi nikayabeba, babu akayatenda. Betri ikaunganishwa. Babu akainama kwenye redio, na hapohapo upepo ukaukamata mwanzi. Ulipasuka kwa chini, pu, ukaanguka na waya wote.

Nilikaa chini. Nadhani wote tungekaa chini siku ile na kubaki hapo. Lakini babu aliuokota ule mwanzi. Kipande cha juu kilikuwa bado kirefu. Akakikita ardhini, akakikumbatia kwa mikono miwili, waya ukainuka tena, na kwenye redio ikasikika sauti ya mwanamume, nyembamba, ikizama na kuibuka: "...minaita mulima... minaita mulima... munanisikia?"

Ni fundi. Babu aliijua sauti ile. Lakini akiachia mwanzi, waya utaanguka na fundi atapotea. Mimi kimo changu hakikutosha kuushika, na redio sikujua kuigeuza. Aliyejua alikuwa nyuma ya jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa kama hatua kumi tu, lakini kati yake na redio alikuwepo baba mkwe.

"Mke wangu," babu aliniita, anahema. "Njoo. Panda juu ya sanduku la redio, univutie hili koti linifunike kichwa. Chote. Na uso."

Nikamfunika. Akajigeuza na mwanzi wake akaelekea Malawi, koti limempoteza mpaka kifuani. Kisha sauti ikatoka humo ndani.

"Mwambie mama yako hapa hakuna mtu. Kuna nguzo tu. Aje akae kwenye redio."

Nikaenda nikamwambia. Mama alisimama, akaitazama ile nguzo iliyovaa koti la kijani, midomo yake ikacheza. Akaja polepole, akichunga kivuli chake kisiiguse. Kipaza sauti kilikuwa chini kwenye majani, akakiokota. Vidole vyake vilipogusa vitufe nilimwona mama wa zamani, yule wa ofisini, na sauti ya fundi ikasogea karibu, safi kabisa. Akabonyeza kipaza, akaitikia kwamba tunamsikia.

"Nani anaita? Museme jina ya kituo."

Mama akafungua kinywa. Akakifunga. Jina la kituo lilikuwa jina la babu. Alipewa yeye, ndiye mwenyewe duniani kote, na mama hakuweza kulitamka, hata kama ni herufi na namba, hata kama mwenyewe hayupo na kuna nguzo tu. Fundi akauliza tena, sauti imeanza kuzama. Nguzo nayo haikuweza kusema, maana nguzo hazisemi. Mama akanielekezea kipaza mdomoni, macho yakinisihi. Nilikuwa nimelisikia jina lile kila Jumamosi. Nikalipiga kelele, herufi kwa herufi, namba kwa namba.

"Minakusikia, mutoto!" fundi akasema. "Minafurahi sana. Iko nani na wewe hapo?"

"Mama. Mke wa dereva."



"Mama," alisema fundi, "ule bwana minamuona na macho yangu. Iko muzima."

Mama akafumba macho. Waya ukatetemeka juu yetu. Mimi nikaruka na kupiga makofi: yuko hai, hakuna matanga, hakuna Momba!

"Iko na mwanamuke huku," fundi akaendelea. "Na mutoto mudogo. Nilimuambia baba yake anamutafuta. Akasema musimungoje. Minaona haya kukwambia."

"Amesema mwenyewe?" mama aliuliza.

"Kwa kinywa yake, mama."

Mama alikiinamia kipaza. Akasema kwa sauti ileile ya ofisini, "Nimekupata vizuri, fundi. Asante kwa kusema ukweli. Mwisho." Akazima. Upepo tu ndio uliobaki. Babu hakushusha mwanzi. Aliendelea kuushikilia juu, waya umenyooka, ingawa hapakuwa tena na cha kusikiliza.

"Mwambie babu yako ashushe," mama alisema. "Tumemaliza."

Mimi bado nilikuwa na furaha yangu. Nilidhani tumeokoka. Sikuelewa kwamba mjane huliliwa, na watu wakamhurumia, lakini mke aliyekataliwa na mume aliye hai hana hata matanga ya kukalia. Nililielewa hilo tukiteremka. Mama alitangulia mbele ya babu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, betri kichwani na khanga imeteremka mabegani, katikati kabisa ya njia. Tulipofika kwenye shamba letu lililovunwa, pale njia inapokuwa nyembamba, alitua betri, akageuka kuangalia kule tulikotoka, akasimama.

"Mama, babu anakuja. Toka njiani."

"Nitoke kwa nini?" alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka mno hata haikuwa na hasira. "Ukwe unaletwa na mume, na mume mwenyewe umemsikia. Babu yako tangu leo ni mzee kama wazee wengine. Nitamwamkia kwa kinywa changu, nimshukuru, nimuage. Wewe utakaa naye vizuri. Anakupenda."

Nikaanza kulia kwa sauti. Babu akatokea kwenye kona, anavuta goti lake, koti sasa liko mabegani. Akamwona mwanamke amesimama njiani, kichwa wazi, anamtazama. Akakohoa. Mama hakusogea. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango. Mama akafungua kinywa chake amwamkie.

Kabla neno halijatoka, babu aliacha njia. Yeye, mzee, ambaye sikuwahi kumwona akimpisha mtu, hata mchungaji. Aliingia shambani kwenye mabua, akavuta koti likamficha upande wa uso, akazunguka mbali, goti lilelile likizama kwenye matuta, mabua yakivunjika chini yake, mara akajikwaa, akashika ardhi kwa mkono, akainuka. Hakutazama kwetu hata mara moja. Ilimchukua muda mrefu, na mama alibaki kinywa wazi. Babu akatokea tena njiani kule chini yetu, akasimama, mgongo kwetu.

"Mke wangu!"

"Abee, babu!"

"Mwambie mkwe wangu." Hajawahi kusema hivyo, siku zote ilikuwa mama yako, mama yako. "Mwambie mkwe wangu mji ule wa kule nyumbani ni wangu, na wazee wakija nitawajibu mimi. Aliyepotea ni mwanangu, sio yeye. Mwambie awahi kwake anibandikie maji, goti hili linaniua."

Akaendelea kushuka, polepole, akikanyaga upande mmoja. Nilifuta kamasi nikamgeukia mama. Hakuwepo njiani tena. Alikuwa amechuchumaa majanini, ametupa mgongo, khanga imefunika kichwa chote, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa amesikia kila neno, lakini hakuinuka. Nikamsogelea, nikamfikishia ujumbe kama nilivyopewa, kuanzia mkwe wangu hadi goti.

Akapangusa uso. Kisha akasema, ndani ya khanga:

"Mwambie baba maji yatakuwa ya moto."